Nesi Aliyewakimbilia

Shamsia binti Hilali alikuwa na masikio makali, na aliyajivunia kuliko cheti chake cha ukunga. Cheti kilikuwa na mhuri wa serikali, kimetundikwa ukutani pale zahanati, Kibondo, juu ya kabati la dawa. Masikio aliyapata Ujiji, kwa mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, Bi Kuruthumu, mwanamke mnene asiyependa kunyanyuka kitini bila sababu ya maana. Bi Kuruthumu alikuwa akinywa chai yake barazani, anasikiliza, kisha anasema: "Huyu wa kitanda cha pili bado, anamwita mama yake tu. Huyu wa dirishani ameshaanza kumtukana mumewe, nenda kanawe mikono." Na hakosei. Wanawake wa Ujiji walizaa kwa sauti. Walimwita Mungu, wakawaita marehemu wote wa ukoo, wakaapa kwamba mwanamume hatakanyaga tena chumbani mwao, na mkunga mwenye sikio alijua kila kelele ni ya saa ngapi. Shamsia alikaa naye miaka mitatu. Alipohamishiwa Kibondo alikuja na elimu hiyo, akaamini imetimia.

Mwezi wa pili mwaka sabini na tatu zahanati ile ilikuwa imeelemewa. Ilijengwa kwa ajili ya vijiji vitatu. Sasa kulikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na watu walikuwa bado wanavuka mpaka. Bwana mganga alikwenda Kasulu kufuatilia dawa, wiki ya pili hajarudi. Waliobaki ni Shamsia na Kipriani, Muha wa hapohapo, mtu wa makamo aliyekuwa mfagizi, mkalimani, mchemsha sindano na, akibembelezwa vizuri, fundi wa paa linalovuja.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya surua. Barazani kulijaa kina mama na watoto wenye macho mekundu, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope mpaka mlangoni. Katikati ya msongamano huo wakaja wanawake wawili wa kambini. Mmoja alikuwa mtu mzima, mrefu, mkavu, ameshika fimbo. Jina lake Epifania. Mwingine alikuwa Esteri, mkwewe, msichana wa miaka ishirini hivi, tumbo limeshashuka. Mume wa Esteri, Sylvesta, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao. Mwezi wa tano wa mwaka uliopita askari walimtoa darasani, hakuonekana tena. Katika watu tisa wa nyumba ya Epifania, waliofika Tanzania ni hawa wawili, na huyo wa tumboni. Shamsia aliyajua haya yote, maana aliyaandika mwenyewe kwenye kadi ya kliniki wiki tatu nyuma. Tutamlaumu kwa mengine, lakini si kwa kutojua.

"Ni leo," Epifania alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia chumvi na vitambaa, lakini kilimtosha. "Mwana wanje, mwanangu, ni leo. Tangu jana jioni."

Shamsia akamtazama Esteri. Esteri alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, uso umetulia, anaangalia ukuta. Jasho lilikuwepo puani, lakini si wametembea?

"Unaumwa?"

"Buhoro," Esteri alijibu. Kidogo tu.

Shamsia akaweka kiganja tumboni. Tumbo lilikuwa laini. Kazi inavyotaka, mkono ukae hapo dakika kumi, jicho liwe kwenye saa, uchungu uje upite, uje mwingine; kisha mama alazwe, apimwe njia. Shamsia alijua hivyo vyote, aliviandika kwenye mtihani akapata alama nzuri. Lakini nyuma yake kulikuwa na mtoto anayehema vibaya, na mama yake mtoto alikuwa amemshika gauni. Na yale masikio hodari hayakusikia kitu. Akaondoa mkono.

"Bado," alisema. "Mimba ya kwanza hii, itachukua muda. Kampumzishe. Akianza kulia, mlete."

Epifania hakuondoka mara moja. "Nimezalisha watu miaka thelathini," alisema taratibu.

"Sawa, bibi, hata mimi nazalisha. Akianza kulia."

Kama angesema jambo hilo kwa ukali, labda Epifania angebisha. Alilisema kwa upole, huku anageukia mtoto wa surua, na Epifania, ambaye kwa miezi tisa alikuwa akila na kulala kwa ruhusa ya watu wengine, alikuwa amesahau namna ya kubishana mlangoni. Akamwinua mkwewe, wakatoka.

Hazikupita dakika ishirini, Kipriani akarudi na mzigo wa kuni za kuchemshia sindano.

"Dada Shamsia, nimekutana na wale wa kambini pale kwenye migomba. Mmewaandikia barua ya hospitali?"

"Barua ya nini? Yule bado kabisa. Hata hajalia."

Kipriani alitua kuni chini, moja moja, kama mtu anayetafuta namna nzuri ya kusema neno baya.

"Kulia? Dada, mke wangu amezaa watano. Wote watano nilikaa nje ya ukuta, ukuta wa udongo, hata panya akipita unamsikia. Sauti ya mke wangu sijaisikia hata siku moja. Namsikia mtoto tu. Kwetu mwanamke akipiga kelele za uchungu ni aibu ya nyumba nzima, na hao wa ng'ambo wametuzidi. Yule binti ameshika mgomba mara mbili mbele ya macho yangu. Akishika, mama mkwe anageukia pembeni asimwone."

Miezi saba Shamsia alikuwa Kibondo. Miezi saba alikuwa akiandika barua Ujiji kwamba wanawake wa huku wana bahati, wanazaa upesi, wanafika zahanati na baada ya nusu saa mtoto huyo hapo. Kumbe hawakuwa wanazaa upesi. Walikuwa wanaumwa siku nzima na usiku kucha, kimya, na kumjia yeye mwishoni. Na huyu mmoja aliyekuja mapema, yeye mwenyewe ndiye aliyemrudisha.

Mtoto aliyehema vibaya alikuwa ameshachomwa sindano. Shamsia aliwaomba kina mama wamsubiri, akachukua mkoba wa kuzalishia, akatupia ndani mabomba ya sindano yaliyochemshwa na vichupa viwili vya dawa ya kukaza mji wa uzazi, vyote vilivyokuwa vimebaki. Kipriani akatoa baiskeli yake. Alikuwa amevaa shati la kaki na kofia ya kaki, zawadi ya shemeji yake askari magereza, mavazi aliyoyapenda kupita kiasi. Shamsia akapanda nyuma, mkoba kifuani, wakaanza kuteremka.

Njia ya kambini ilikuwa udongo mwekundu uliolowa, na baiskeli iliteleza kila hatua ya pili. Walianguka mara moja. Mara ya pili Shamsia hakusubiri kuanguka, aliruka akakimbia, viatu mkononi, Kipriani anasukuma kando yake na kupiga kengele bila sababu yoyote ila hofu. Walipofika juu ya kilima cha pili wakawaona mbele kabisa, watu wawili, mmoja mrefu, mwingine ameinama.

"Simameni!" Shamsia alipiga kelele. "Ninyi! Simameni hapo!"

Kipriani naye akapaza sauti, akapunga kofia. Wale wawili wakageuka. Wakaangalia nyuma kwa kitambo. Kisha njia ikawa tupu.

Shamsia alidhani macho yamemdanganya. Walikimbia mpaka pale walipowaona, hakuna mtu. Kushoto ni shamba la mahindi marefu kuliko mtu, kulia ni majani na mteremko. Wakaita. Wakaenda mpaka kijitoni, wakamuuliza mwanamke aliyekuwa anapalilia maharage, naye akasema hajaona mtu wa kambini tangu asubuhi. Wakarudi, wanaita.

"Wamenisusa," Shamsia alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimewafukuza, sasa wamenisusa. Na wana haki."

Kipriani alisimama katikati ya njia, kofia mkononi, akisikiliza. Mvua ilikuwa inaanza tena, matone makubwa juu ya majani ya mahindi.

Ndipo ikatoka sauti shambani. Haikuwa ya Esteri. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito, iliyokwaruza.

"Turi hano! Turi hano! Tuko hapa!"

Walijitupa ndani ya mahindi. Hatua thelathini tu kutoka njiani, Esteri alikuwa amelala juu ya kitenge, macho yamefumbuka, midomo imepauka. Mtoto alikuwa kifuani pake, hai, wa kike, amefungwa kwa kilemba cha bibi yake. Kondo lilikuwa limetoka. Lakini damu ilikuwa haikatiki, na Epifania alikuwa amepiga magoti hapo, mkono mmoja juu ya tumbo la mkwewe, anasugua na kukandamiza kwa nguvu. Shamsia aliangalia mkono ule. Ulikuwa mahali penyewe hasa, ukifanya kitu kilekile alichofundishwa yeye kwa vitabu. Bila mkono ule wangekuta maiti.

"Usiache, mama," Shamsia alisema. "Usiache hata kidogo."

Akachoma sindano ya kwanza. Akabadilishana na Epifania, mikono ya mmoja ikichoka ya mwingine inaingia. Tumbo lilikaza, likalegea, damu ikaja tena. Akachoma ya pili, na hakukuwa na ya tatu. Alimwomba Mungu kwa sauti, Kiujiji, akiwataja mitume wote aliowakumbuka, na Epifania naye akawa anaomba Rozari yake kwa Kirundi, kila mmoja kwa njia yake, juu ya tumbo lilelile. Na taratibu, chini ya viganja vyao, mji wa uzazi ukakaza, ukawa mgumu, ukabaki mgumu. Damu ikapungua ikawa ya kudondoka.

"Mpa amazi," Esteri alinong'ona. Alikuwa anaomba maji. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu lile la benchini.

Kipriani alikuwa ameshakimbilia nyumba za karibu. Alirudi na Tharsisi, mwenye lile shamba, na wanaume wengine watatu, na ingobyi begani, ile machela ya kusukwa ambayo kila kitongoji cha huko kinayo kwa ajili ya wagonjwa. Hakuna aliyeuliza mahindi yaliyolala yatalipwa na nani. Esteri akawekwa ndani, akafunikwa, wakainua.

Sasa kuna sheria moja ya milimani huko, haijaandikwa popote na haina polisi: ingobyi ikipita njiani, mwanamume yeyote anayekutana nayo anatua alichobeba na kuipokea. Haulizi ni nani aliyelala ndani. Shamsia aliisikia habari hiyo siku nyingi, aliidhani maneno ya kujisifu. Siku hiyo aliiona kwa macho. Mmoja alitua mkungu wa ndizi majanini akaingiza bega. Mwingine aliacha ng'ombe wake kwa mke wake. Katekista aliyekuwa anakwenda kufundisha, shati jeupe limepigwa pasi, alivua viatu, akaingia chini ya mti wa machela na tope likamrukia mpaka kiunoni. Kilima cha mwisho, kile kirefu, walikipanda karibu kwa mbio. Mgonjwa wao alikuwa mkimbizi asiye na ndugu hata mmoja wa kiume katika nchi nzima, na alibebwa na wanaume kumi na wanne. Shamsia aliwahesabu, na kila aliyeingia alimwambia asante, na kila mmoja alimshangaa kidogo, maana kule hilo si jambo la kushukuriwa.

Zahanati walimwekea Esteri dripu, lakini alikuwa amepungukiwa damu, na damu haikuwepo Kibondo. Ilibidi apelekwe hospitali upande wa Kasulu. Gari lilikuwa moja tu siku hiyo, lori la Gharibu muuza duka, limeshajaa magunia ya maharage, turubai limefungwa. Gharibu alikuwa mtu ambaye hata pipi humpimia mtoto kwa jicho. Alisogea mpaka ingobyi, akachungulia, akamwona Esteri na kile kitoto. Akageuka akapanda lori mwenyewe, bila kumwita mpakiaji, akaanza kutupa magunia chini kwenye tope. Alimaliza, akatandika godoro la dukani, jipya, bado lina karatasi yake.

"Ingieni basi, mnangoja nini?" alifoka, kana kwamba wao ndio waliomchelewesha.

Esteri aliongezewa damu usiku huohuo. Alikaa hospitali siku kumi na mbili, mtoto naye akanenepa.

Siku hizo kumi na mbili Shamsia hakuwa na raha. Alibadilisha kazi yake yote. Kila mama wa Kiha au wa Kirundi aliyesema "buhoro" alimlaza, akaweka mkono tumboni, akakaza jicho kwenye saa ya ukutani, na foleni ilalamike inavyotaka. Lakini hilo lilikuwa la wengine. Usiku alikuwa anaona benchi, na Esteri juu yake akiangalia ukuta. Habari za kupona zilipofika alimshukuru Mungu mpaka akachoka, kisha akaanza kuandaa maneno ya kusema siku watakapokuja. Aliyapanga kama mtu anayejiandaa kusimama mbele ya hakimu.

Walikuja asubuhi moja yenye jua, wote watatu. Esteri alikuwa amekonda lakini anatembea mwenyewe, mtoto mgongoni. Epifania alikuwa na kikapu kidogo kichwani. Shamsia aliwaona tangu mbali, akatoka nje, na yale maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kwa mkupuo, palepale uani, mbele ya watu.

"Mama, mimi ndiye niliyewarudisha. Uliniambia ni leo, sikukusikiliza. Niliweka mkono nikautoa kabla ya wakati. Esteri angekufa, angekufa kwa sababu yangu, na mtoto pia. Sitaki useme sikukosea."

"Ulikosea," Epifania alisema.

Alisema tu hivyo, bila hasira, akatua kikapu chini na kukaa ukingoni mwa baraza. Akamwashiria Shamsia kwa mkono akae naye. Kisha akaanza kusema, nusu Kiswahili nusu Kirundi, na Kipriani akawa anajaza pale palipopelea.

"Siku ile uchungu ulikuwa umekaza, tunatembea. Nikasikia kengele, na watu wanakimbia nyuma yetu. Nikageuka. Nikaona mtu wa kaki. Nikasikia, simameni. Mwana wanje, kwetu walisema hivyohivyo. Nikamvuta Esteri tukaingia mahindini. Kichwa changu kilijua tumeshavuka mpaka. Miguu ilikuwa haijaambiwa."

Kipriani alivua kofia yake ya kaki, akaificha nyuma ya mgongo.

"Mkapita mbele, mkapita kurudi, mnaita. Mtoto akatoka. Nilimfunika mdomo kwa mkono huu, asilie, msije mkatusikia. Mjukuu wangu, mtoto wa Sylvesta. Hajamaliza hata pumzi ya kwanza." Aliangalia kiganja chake, akaendelea. "Kisha nikaona damu. Damu ile naijua, mikono yangu peke yake haiiwezi. Nikajiambia, hao wa njiani wakija kutuua, tutakufa. Nikikaa kimya, Esteri atakufa. Nikaondoa mkono mdomoni mwa mtoto, nikaita. Nikafumba macho, nangoja. Nilipofumbua, ni wewe, huna viatu, unalia."

Esteri alikuwa anamtazama Shamsia, na mara hii hakuangalia ukuta.

"Tangu mwezi wa tano," Epifania alisema, "kila aliyekimbia nyuma yetu alitaka tufe. Kila mmoja. Wewe ndiye wa kwanza kutukimbilia ili tuishi. Kuturudisha, wengi wameturudisha, siwezi kuwakumbuka wote. Kutufuata, ni wewe. Urakoze cane, mwana wanje. Asante sana, mwanangu."

Akasukuma kikapu mbele. Ndani yake kulikuwa na maharage, yaleyale yanayogawiwa kambini kwa kopo kila Jumatatu, na yalikuwa mengi mno kuwa ya Jumatatu moja. Shamsia alifungua mdomo aseme hawezi kula posho yao, Kipriani akakohoa mara moja, kwa ukali, naye Shamsia akaufunga.

Akapiga goti kwenye udongo, kama anavyopiga kwao mbele ya mtu aliyemzidi, akakipokea kikapu kwa mikono miwili.

"Asante, mama," alisema.